Mchaichai kwa mvuke, chungwa kwa mkono, asumini kwa kitambaa

Haupiti mwezi bila mtu kunijia hapa Muheza na swali lile lile: "Dada, mtambo wa kukamua mafuta ya kunukia nitaupata wapi?" Nami humrudishia swali: unataka kukamua nini? Nimeshaona watu wawili waliochukua mkopo, wakanunua mtambo wa mvuke, wakaujaza asumini, na kilichotoka kwenye mrija kikawa maji yenye harufu ya mboga iliyochemka. Mtambo ulikuwa mzima, kuni zilikuwa kavu, na wenyewe ni watu wa bidii. Asumini haitaki moto, na hakuna aliyewaambia.

Mimi ni mzaliwa wa Pemba, nimeolewa Tanga, na huu ni mwaka wa 11 nakamua mafuta nyuma ya nyumba yangu. Nakamua mchaichai, majani ya mdalasini, makonyo ya karafuu (vile vikonyo vinavyoshikilia karafuu mtini) yanayoshuka kutoka milima ya Amani, maganda ya machungwa ya hapa hapa Muheza, na asumini kidogo kwa ajili ya watu wanaoijua. Mimea mitano, njia tatu. Nitaeleza kila njia inavyofanya kazi, inafaa mmea gani, na wapi mimi mwenyewe nilipoteza mali, ili wewe usiipoteze.

Jua kwanza harufu imejificha wapi

Kabla hujanunua hata bomba moja, keti na mmea wako. Chukua jani la mchaichai ulipitishe puani bila kulivunja: harufu ipo kwa mbali. Likunje, ulisugue viganjani, na harufu inakupanda hadi kichwani. Mafuta yamefungiwa ndani ya jani, na kinachoyatoa vizuri ni joto. Chukua karafuu kavu iliyo nzuri, bonyeza kwa ukucha ile sehemu ndefu iliyo chini ya kichwa, utaona mafuta yanatokeza. Yamo mengi kweli, ila yako ndani ya kitu kigumu, kwa hiyo karafuu nayo inataka joto, tena la saa nyingi.

Sasa menya chungwa usiku na uwashe mshumaa. Kunja kipande cha ganda karibu na moto, upande wa nje ukiuelekea moto. Utaona cheche zinaruka. Hayo ndiyo mafuta yenyewe yanaungua. Yamo kwenye vifuko vidogo vilivyo juu kabisa ya ganda, vinavyopasuka kwa kukunjwa tu. Mafuta yanayotoka kwa kidole hayana haja ya kuchemshwa.

Asumini ni habari nyingine kabisa. Chuma vitumba jioni, uviweke kwenye sahani chumbani, ulale. Alfajiri chumba kizima kinanukia na hukusugua chochote. Ua hili halina ghala la mafuta kama jani la mchaichai. Linatengeneza harufu na kuitoa hewani papo hapo, na linaendelea kufanya hivyo kwa saa nyingi hata baada ya kuchumwa. Ukilitia motoni umeliua, na ile harufu ambayo lilikuwa bado halijaitengeneza hutaipata.

Mvuke unavyoyabeba mafuta

Nilisoma kemia hadi kidato cha nne na jambo hili halikuniingia mpaka nilipoliona kwa macho. Kitu kikuu kilichomo kwenye mafuta ya karafuu kinaitwa eujenoli, na kikiwa peke yake huchemka kwenye nyuzi 254 za Selsiasi. Maji huchemka kwenye nyuzi 100. Mvuke wa maji unawezaje basi kukitoa? Siri ni kwamba maji na mafuta havichanganyiki. Vikipata joto pamoja, kila kimoja hutoa mvuke wake kana kwamba mwenzake hayupo, na nguvu za mivuke hiyo miwili hujumlishwa. Jumla hiyo ikilingana na mgandamizo wa hewa ya nje, vyote viwili hupanda pamoja, na hilo hutokea kabla hata ya kufika nyuzi 100. Mafuta yanasafiri yamebebwa na mvuke bila kuungua. Ukiupoza mvuke, unarudi kuwa maji na mafuta, na kwa kuwa viwili hivi havipatani, vinaachana vyenyewe.

Njia hii ina namna tatu. Ya kwanza ni kuuchemsha mmea ndani ya maji yenyewe. Hii ndiyo ya wazee, na bado ndiyo bora kwa petali za waridi, kwa sababu petali zikipigwa na mvuke mtupu hugandamana zikawa bonge moja, na mvuke ukapita pembeni. Zikielea majini kila moja inapata haki yake. Hata magome yaliyosagwa yanataka namna hii. Ubaya wake ni kwamba kilicho chini kikigusa kitako cha chungu kinaungua, na harufu nyingine laini huharibika kwa kukaa muda mrefu kwenye maji ya moto.

Ya pili ni kuweka wavu ndani ya pipa, maji chini, mmea juu, visigusane. Ndiyo ninayotumia mimi, na ndiyo ninayomshauri mtu mwenye shamba dogo. Ya tatu ni kuchemsha maji kwenye boila iliyo pembeni na kuuleta mvuke kwa bomba. Hiyo ni ya viwanda. Unaweza kuuongeza na kuupunguza mvuke utakavyo, lakini boila yenye mgandamizo ni chombo cha kulipuka, na sitaki mtu yeyote aichomelee uani kwake kwa kusoma maneno yangu.

Mtambo wangu ni pipa la stenlesi la lita 100, wavu uko sentimita 25 kutoka kitakoni, juu kuna kofia yenye shingo, na shingo inaingia kwenye bomba la shaba la mita 6 lililozungushwa ndani ya pipa la plastiki la lita 200 lililojaa maji ya baridi. Aliyeuchomelea ni fundi wa mageti wa Tanga mjini. Pipa langu la kwanza lilikuwa la chuma cha kawaida. Mchaichai ulipita bila neno, lakini nilipotia makonyo, mafuta yakatoka na rangi ya zambarau iliyokaribia weusi, kwa sababu eujenoli ikikutana na chuma hubadilika rangi. Lita nzima sikupata wa kuinunua.

Kwenye kiungo cha kofia na pipa usiweke mpira. Mafuta ya karafuu yanaulainisha mpira ukavimba, na harufu yake inaingia kwenye kazi yako. Mimi nakanda unga wa ngano na maji, nausokota kama kamba nene, nauzungusha mdomoni mwa pipa na kuukandamiza. Moto ukishapanda unga unaiva na kuwa mgumu, mvuke haupiti. Kazi ikiisha naubandua kwa kisu.

Na jambo moja ambalo mafundi hawakuambii: mtambo huu unafanana kabisa na wa gongo, na gongo ni kosa kisheria. Kabla sijauwasha mara ya kwanza nilimwita mwenyekiti wa kitongoji, akauona ukiwa mtupu, akaona na marundo ya mchaichai, akakaa mpaka mafuta ya kwanza yakatoka akayanusa. Tangu siku hiyo hakuna aliyenisumbua.

Siku ya mchaichai, mwanzo hadi mwisho

Nakata asubuhi baada ya umande kukauka, mashina yaliyofikisha miezi mitatu au minne, nikiacha kama sentimita 10 juu ya ardhi yachipue tena. Nayatandaza kivulini siku moja yanyauke. Yakinyauka yanapungua maji, pipa linameza mengi zaidi, na mafuta hayapungui kwa kiasi cha kuhuzunisha. Juani usiyaweke. Kesho yake nayakata vipande vya urefu wa kidole.

Kupakia pipa ndiyo kazi yenyewe. Linaingia kilo 20 hivi. Mvuke una tabia ya maji ya mvua mlimani, hutafuta pale penye upenyo na kupita hapo hapo. Ukiacha pengo pembeni, mvuke wote utapandia ukutani na katikati mchaichai utabaki mbichi. Utaujua ukimwaga makapi, sehemu nyingine imeiva kama mchicha na nyingine bado inanukia. Kwa hiyo nashindilia pembeni kwa ngumi kuliko katikati, tabaka kwa tabaka, lakini si kwa nguvu ya kuziba.

Chini natia maji lita 25. Moto mwanzoni ni mkali. Naweka kiganja juu ya shingo ya kofia, halafu juu ya bomba, naufuata mvuke unavyotembea: hapa pamoto, hapa bado pabaridi. Joto likifika pale bomba linapozama majini, napunguza kuni nusu. Tangu kuwasha hadi tone la kwanza ni kama dakika 45. Baada ya hapo nauacha utiririke saa mbili, kwa mwendo wa lita nne kwa saa.

Maji yanayotoka yashike kwa kidole. Yawe vuguvugu kama ya kumwogeshea mtoto. Yakiwa ya moto na mdomo wa mrija unatoa moshi, mafuta yanakwenda hewani. Ua wote ukinukia vizuri mno, ujue unapata hasara. Badilisha maji ya baridi haraka.

Kilo 20 hunipa kati ya mililita 60 na 80, sawa na kikombe cha kahawa ya mtaani. Sehemu kubwa hutoka kwenye dakika 45 za mwanzo. Ndiyo maana kwa mchaichai sipiki zaidi ya saa mbili, kwa sababu kuni za saa ya tatu ni ghali kuliko mafuta yake. Mafuta yanaelea juu ya maji, rangi ya njano iliyopauka, nayo nayavuta kwa bomba dogo la kioo. Kama yamebaki na ukungu wa maji nayaweka kwenye friza usiku kucha: maji yanaganda, mafuta hayagandi, asubuhi namimina mafuta peke yake.

Mwaka wangu wa pili nilipata wageni, nikaongeza kuni nikaingia ndani kukaa nao. Maji yaliisha pipani. Mchaichai uliungua, na ile harufu ya moshi iliingia kwenye bomba la shaba ikakaa wiki tatu, kila nilichopika kikatoka nayo. Niliisafisha kwa kuendesha mvuke wa maji matupu mara nne. Mtambo ukiwa motoni usiondoke.

Makonyo, na mafuta yanayozama

Kwetu Pemba msimu wa karafuu usiku haulaliwi mapema. Karafuu inaletwa kutoka shamba kwenye mapakacha ikiwa bado imeshikana na vikonyo vyake, na nyumba nzima inakaa chini kuchambua: unashika shada, unaligonga kiganjani na kulisokota, karafuu zinaanguka upande huu, makonyo upande ule. Karafuu hukaushwa kwa ajili ya kuuzwa. Makonyo nayo yana mnunuzi, kwa sababu yana mafuta, na kiwanda cha makonyo cha Wawi, karibu na Chake Chake, ndicho kinachoyakamua. Nilikuwa mtoto niliponusa hewa ya pale, na nadhani kazi hii ilinianzia hapo.

Karafuu yenyewe ikikamuliwa hutoa mafuta mengi kuliko karibu kila mmea: kwenye kilo 100 za karafuu kavu, kilo 15 hadi 18 ni mafuta. Makonyo hutoa kama kilo 5 au 6. Majani ya mkarafuu ni kilo 2 au 3, nayo ndiyo hutumiwa sana Madagaska. Sasa pima mwenyewe: karafuu ina bei sokoni ikiwa nzima, makonyo bei yake ni ndogo mno. Kuitia pipani karafuu iliyoweza kuuzwa nzima ni kuchoma fedha. Mimi nakamua makonyo tu, na karafuu zilizovunjika ambazo mnunuzi amezikataa.

Mara ya kwanza nilipika kilo 15 tangu alfajiri hadi alasiri. Nilizoea mchaichai, kwamba mafuta huelea. Nikachungulia ndoo: maji meupe kama tui, juu yake utando mwembamba usiofika kijiko kimoja. Nikasema makonyo haya ni ya zamani, yamekwisha nguvu. Nikaishika ndoo nikaanza kumwaga chini ya mgomba. Ilipobaki robo, nikaona kitu kinateleza kwa uzito kwenye kitako cha ndoo, rangi ya asali changa, kinakwenda taratibu kuliko maji. Nikasimama. Nilichookoa kilikuwa nusu kikombe. Kilichokwisha kumwagika kilikuwa zaidi ya hapo, na mgomba ule ulikufa.

Mafuta ya karafuu ni mazito kuliko maji, kwa hiyo yanazama. Ya majani ya mdalasini pia yanazama, maana nayo yamejaa eujenoli. Unahitaji basi vyombo viwili vya kutenganisha. Cha mchaichai na mkaratusi kinatolewa maji chini, kwa mrija unaoanzia kitakoni na kupanda hadi karibu na mdomo, mafuta yakibaki juu. Cha karafuu na mdalasini maji yanamwagikia juu, mafuta yanatulia chini. Vyote viwe vya kioo au stenlesi. Ile ndoo yangu ya plastiki baada ya wiki mbili kitako chake kililainika kikawa kama mpira.

Makonyo hayana haraka. Yavunjevunje kwanza kwenye kinu, usiyasage kuwa unga, kisha upike saa nane au zaidi kwa moto mdogo. Yale maji meupe kama tui bado yana mafuta yaliyoyeyuka ndani, usiyamwage: yarudishe pipani yapikwe tena. Kwa mtambo wa wavu ni rahisi, unayamimina kupitia bomba la pembeni lenye koki.

Sufuria ya jikoni, kama wa Jabal Akhdar

Shangazi yangu yuko Oman, na alinipeleka Jabal Akhdar, milima ya huko, kipindi cha mawaridi, mwezi wa Aprili. Kule wanapika marashi ndani ya majiko ya udongo yaliyopangwa ukutani. Petali na maji vinakaa kwenye chungu, ndani yake kuna bakuli la shaba, na juu ya mdomo wa chungu kumewekwa chombo kingine chenye maji ya baridi. Mvuke unapanda, unagusa kitako cha kile chombo cha baridi, unageuka matone, unadondokea bakulini. Hakuna bomba. Marashi yao yana rangi kidogo na harufu ya moshi kwa mbali, na wenyewe hawataki mengine.

Namna hii unaifanya jikoni leo. Sufuria kubwa, jiwe safi katikati, bakuli juu ya jiwe, petali na maji kuzunguka jiwe, kifuniko kimegeuzwa kitumbo kikitazama chini, na barafu juu ya kifuniko. Moto mdogo, dakika 40. Utapata kikombe au viwili vya marashi ya kutia kwenye mrashi, kile chombo cha kunyunyizia. Usitarajie mafuta: kilo moja tu ya mafuta ya waridi inataka petali kilo 3,000 au zaidi. Lakini kama hujawahi kukamua chochote, anza hapa, uone mvuke unavyogeuka tone kabla ya kutoa hela kwa fundi.

Chungwa kwa mkono

Msimu wa machungwa Muheza barabara inajaa, na wakamuaji wa juisi wanatupa maganda magunia kwa magunia. Machungwa yetu hubaki na ukijani hata yakiiva, na ganda la kijani lina mafuta mazuri tu.

Njia niliyoifuata ni ya zamani ya Sisilia, Italia. Unakata chungwa nusu, unatoa nyama ya ndani kwa kijiko, unaloweka maganda kwenye maji saa chache ili yakaze, kisha unayageuza nje ndani na kuyaminya kwenye sifongo safi. Vile vifuko vinapasuka, sifongo inanyonya. Ikishiba unaikamulia kwenye bakuli la kioo. Kinachotoka ni mafuta, maji na ukungu mweupe wa ganda. Weka mahali pa baridi hadi kesho, mafuta yatapanda juu, yachote.

Ni kazi ya kuumiza vidole, na gunia zima halijazi chupa ya soda. Lakini weka pua: harufu ni chungwa lile lile ulilolimenya. Maganda hayo hayo nikiyatia kwenye mvuke napata mafuta mengi zaidi, meupe, yenye harufu iliyofifia. Kwa sabuni natumia ya mvuke. Kwa manukato natumia ya mkono.

Tahadhari mbili. Dawa iliyopulizwa shambani hukaa kwenye ganda, na kwa njia ya mkono inaingia kwenye mafuta, kwa hiyo jua chungwa limetoka kwa nani. Na mafuta ya ndimu au limau yaliyominywa bila moto yakipakwa mwilini kisha ukatoka juani, ngozi huungua na kuacha baka jeusi. Kinachosababisha hakipandi na mvuke, ndiyo maana ya ndimu yaliyopikwa hayana shida hiyo, na mafuta ya chungwa tamu hayana kabisa.

Asumini kwa kitambaa

Bibi yangu alikuwa akifunga vikuba vya harusi: asumini, mrehani, petali za waridi, langilangi. Asumini iliyobaki aliitia kwenye mafuta ya nazi, kila jioni mpya, kila asubuhi ya jana ikatolewa. Hakujua kwamba huko Grasse, Ufaransa, watengenezaji wa manukato walifanya vile vile kwenye vioo vilivyopakwa shahamu ya nguruwe na ya ng'ombe, wakibadilisha maua mara 30 hivi mpaka shahamu inashiba. India wao hulaza maua katikati ya ufuta, kisha wanaukamua ufuta. Wote wamegundua jambo moja: mafuta yaliyotulia yanaivuta harufu na kuishika, huku ua likiendelea kupumua.

Sharti ni kwamba ua liguse mafuta bila kuzama, likizama linaoza. Mafuta ya nazi huganda chini ya nyuzi 24 au 25. Kule juu Amani, mwezi wa Julai, yanaganda na unaweza kuyapaka kwenye sahani kama siagi. Huku chini Muheza hayagandi, kwa hiyo natumia kitambaa. Nachukua pamba nyeupe iliyofuliwa bila sabuni ya kunukia, naichovya kwenye mafuta ya nazi yasiyo na harufu, naikamua mpaka isidondoke, naitandaza kwenye sinia. Saa moja ya jioni napanga vitumba juu yake, vichwa chini, kimoja kimoja, visipandane. Viwe vikavu kabisa. Tone la umande linaleta ukungu. Nafunika kwa kitambaa kingine chenye mafuta, na sinia la pili juu bila kukandamiza.

Usiku vinafunguka humo ndani. Kesho jioni naviokota vyote, vimekuwa vya kahawia na laini, nahakikisha hakuna hata kimoja kilichosalia, napanga vipya. Hivyo siku 15 hadi 20. Siku ya tano unahisi huna kitu. Siku ya kumi ukifunua sinia, harufu inatoka nzito, ina utamu na kaukali kadogo kama ka ndizi mbivu, asumini hasa. Mwisho naisokota pamba kwa nguvu juu ya bakuli. Sinia mbili hunipa kama robo lita ya mafuta ya kujipaka, na hayo siyaongezi kitu kingine.

Langilangi ni ua lakini linakubali mvuke, usilichanganye na asumini. Visiwa vya Komoro vinaishi kwa ua hilo, na wapikaji wa kule hawakusanyi mafuta yote chupa moja: ya saa za mwanzo, yaliyo matamu na ghali, hutengwa, kisha ya daraja la kwanza, la pili na la tatu, na upishi waweza kwenda saa 18 au zaidi. Lichume asubuhi mapema, la manjano lenye wekundu kwenye kitovu, na uliweke motoni saa hiyo hiyo.

Njia za kuziacha viwandani

Asumini nyingi ya manukato ya leo hutolewa kwa kimiminika kiitwacho heksani, kinachoyeyusha harufu pamoja na nta, kisha heksani inafukuzwa na harufu inatenganishwa na nta kwa spiriti. Heksani huchemka kwenye nyuzi 69 tu, mvuke wake ni mzito, unatambaa sakafuni hadi kwenye jiko la chumba cha pili na kulipuka. Usijaribu nyumbani, wala usijaribu kwa petroli au thina kama nilivyosikia vijana wakisema. Kuna pia mitambo ya hewa ya kabonidioksidi, inayokandamizwa zaidi ya mara 70 ya mgandamizo wa kawaida na joto la kupita nyuzi 31. Mafuta yake ya karafuu yananukia karibu kabisa na karafuu yenyewe, lakini bei ya mtambo ni ya kiwanda.

Kuhifadhi na kutumia

Chupa iwe ya kioo cheusi au kahawia, ijae hadi shingoni, ikae pasipo na jua. Ya chungwa iwe kwenye friji na iishe ndani ya mwaka. Usimpake mtu mafuta ya mvuke matupu. Kwa ya karafuu, tone moja kwenye vijiko viwili vya chai vya mafuta ya nazi linatosha ngozi ya mtu mzima, na fizi za mtoto mchanga usiziguse nayo kabisa, hata bibi akisema ndivyo walivyofanya. Ukitaka kuuza, nenda TBS (Shirika la Viwango Tanzania) uulize habari za kusajili vipodozi kabla ya kuchapisha lebo, na SIDO, shirika la viwanda vidogo, wana watu wa kukuelekeza juu ya mitambo.

Kila chupa naiandikia siku ile ile, kwa kalamu isiyofutika, kabla harufu ya pili haijaingia puani nikasahau. Ya juzi imeandikwa hivi: makonyo, Amani, kilo 18, wavu, saa 9, maji yamerudishwa mara 2, mililita 790.